Nchi ya Uzio: Historia na Utawala wa Doriath, Ufalme wa Waelfi

Katika falme zote ambazo J. R. R. Tolkien, mwandishi na mwanaisimu Mwingereza, alizibuni kwa ajili ya visa vyake vya Dunia ya Kati, Doriath ndio unaompa msomaji wa historia nafasi kubwa zaidi ya kuchunguza jinsi dola linavyojengwa, linavyojilinda na linavyoanguka. Ulikuwa ufalme wa Waelfi wa Kijivu, uliokaa katikati ya misitu ya Beleriand, nchi ya magharibi ambayo mwishowe ilimezwa na bahari. Waelfi ni viumbe wa simulizi za kale za Ulaya ya Kaskazini, ambao Tolkien aliwachukua akawapa sura mpya: ni watu wenye mwili na damu kama binadamu, wanaooa na kuzaa, wanaojenga na kufua chuma, ila hawazeeki wala hawafi kwa maradhi, bali hufa kwa kuuawa au kwa kulemewa na huzuni. Wasichanganywe na majini, kwa kuwa jini ni kiumbe asiyeonekana mwenye makao yake kando ya yale ya wanadamu, ilhali Mwelfi ni mkazi wa dunia hii hii, aliyefungamana nayo mpaka mwisho wake. Hali hiyo ya kutozeeka ina athari kubwa katika siasa zao, kwani mfalme asiyetarajiwa kufa haandaliwi mrithi, na dola ambalo halijawahi kuzika mfalme halijui litafanya nini siku msiba huo utakapobisha hodi.

Ni lazima kutaja kwanza hali ya maandishi yenyewe, maana bila hiyo hukumu yoyote juu ya Doriath itakosa msingi. Tolkien, aliyezaliwa tarehe 3 Januari 1892 katika mji wa Bloemfontein, ambao leo uko Afrika Kusini, na akakulia Uingereza, alikiandika kisa cha kwanza kuhusu ufalme huu mwaka 1917, baada ya kurejea akiwa mgonjwa kutoka vita vya Somme. Mbegu ya kisa hicho ilikuwa mkewe Edith, ambaye alicheza mbele yake katika msitu mdogo wa Roos, Yorkshire, na taswira hiyo ikawa Lúthien, binti mfalme anayecheza msituni. Katika toleo hilo la awali nchi iliitwa Artanor na mfalme wake Tinwelint, ambaye hakuwa na fahari kubwa wala hazina ya kutajika, akiishi pangoni kama mkuu wa kabila la msituni. Kwa zaidi ya nusu karne mwandishi aliirudia habari hiyo, akaikuza, akabadilisha majina na kumpa mfalme wake hadhi, lakini sura ya mwisho ya maangamizi ya Doriath hakuikamilisha mpaka alipofariki mwaka 1973. Kitabu kinachoitwa The Silmarillion kilihaririwa na mwanawe Christopher na kutolewa mwaka 1977, na habari nyingine zimo katika Unfinished Tales cha mwaka 1980 na The War of the Jewels cha mwaka 1994. Kwa hiyo mambo mengi ya Doriath yana uhakika ndani ya ulimwengu wake, na machache yana utata, na ule mkubwa kuliko yote, unaohusu kifo cha mfalme, utajadiliwa mahali pake.

Asili ya ufalme ilikuwa safari iliyokatika njiani. Waelfi walipoamka mashariki ya mbali, kando ya maji ya Cuiviénen, waliitwa na Valar, yaani wakuu wa zile roho zilizokuwepo kabla ya ulimwengu na zilizokabidhiwa kuutunza, ili waende kuishi nao ng'ambo ya bahari ya magharibi. Wajumbe watatu walitangulizwa wakaione nchi hiyo kwa macho yao, na mmoja wao alikuwa Elwë, aliyerudi na kuwaongoza Wateleri, kundi la tatu na kubwa kuliko mengine katika msafara huo. Walipofika Beleriand, Elwë alipita peke yake katika msitu wa Nan Elmoth, akasikia sauti ya Melian, ambaye alikuwa mmoja wa Maiar, yaani roho za daraja la pili chini ya Valar. Alipomwona alishikwa na mapenzi yaliyomfanya asimame kimya, mkono wake ukiwa katika mkono wa Melian, kwa miaka mingi, huku msitu ukikua na kuwa giza juu yao. Watu wake walimtafuta wasimpate, na sehemu kubwa yao wakaendelea na safari chini ya ndugu yake Olwë. Waliobaki kwa ajili ya kumsubiri walijiita Eglath, maana yake watu walioachwa.

Hapo ndipo penye siri ya mamlaka ya mfalme huyo, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Elu Thingol, yaani mwenye joho la kijivu. Utii wa raia wake haukuletwa na upanga wala na hati ya urithi, bali ulitoka kwa watu waliokosa safari ya maisha yao kwa kumngoja, na mfalme mwenyewe, kati ya Waelfi wote wa Kijivu, ndiye pekee aliyewahi kuiona nuru ya nchi ya Valar. Aliporejea kutoka Nan Elmoth alikuja na mke ambaye hakuwa Mwelfi. Tangu siku hiyo ufalme ulikuwa na vichwa viwili visivyolingana, kwa kuwa Thingol ndiye aliyeamuru, na Melian ndiye aliyejua.

Elimu ya Melian ndiyo iliyozaa mji mkuu. Katika zama ndefu za amani, Melkor, roho kubwa iliyoasi na chanzo cha maovu yote ya Dunia ya Kati, akiwa bado kifungoni kwa Valar, malkia alimwambia mumewe kwamba amani hiyo haitadumu, na Thingol akaamua kujenga makao yatakayostahimili vita. Akawaomba msaada Wadwafu wa Belegost, jamii ya watu wafupi na wenye nguvu wanaoishi ndani ya milima, wasio na wapinzani katika kuchonga mawe. Wadwafu na Waelfi wakafanya kazi bega kwa bega wakachimba Menegroth, jina lenye maana ya mapango elfu moja, katika kilima kilicho juu ya mto Esgalduin, mlango wake ukifikiwa kwa daraja moja tu la mawe. Nguzo za kumbi zake zilichongwa mfano wa miti, taa za dhahabu zikaning'inizwa, na Melian pamoja na wanawake wake wakafuma mapazia yenye picha za mambo yaliyopita na mengine yatakayokuja. Ujira wa Wadwafu ulilipwa kwa elimu aliyowapa Melian na kwa lulu nyingi ambazo Círdan, mkuu wa Waelfi wa pwani, alikuwa amempelekea mfalme, na moja kati ya hizo, iliyoitwa Nimphelos, ilikuwa na ukubwa wa yai la njiwa. Mkataba huo haukuacha kinyongo upande wowote, na ni vema msomaji aukumbuke atakapofika kwenye mkataba wa pili kati ya mfalme huyo na mafundi wa milimani.

Biashara hiyo ilileta pia silaha, maana wanyama wabaya na Maorki, askari waliofugwa na Melkor, walianza kuonekana, na mfalme akajaza maghala yake kwa mashoka, mikuki, panga na fulana za chuma zilizotengenezwa na Wadwafu. Katika miaka hiyo hiyo Daeron, mwanachuoni na mwimbaji mkuu wa mfalme, alibuni herufi za kuchongwa ziitwazo Cirth. Wadwafu walizithamini na kuzieneza kuliko Waelfi wenyewe, ambao hawakujali sana kuandika habari zao kabla ya vita kuwafika.

Melkor, aliyeitwa sasa Morgoth, aliporudi na kujificha katika ngome yake ya Angband upande wa kaskazini, majeshi yake yaliishukia Beleriand pande zote mbili za Menegroth. Thingol, aliyehesabiwa wakati huo kuwa bwana wa nchi yote, alimwita Denethor, mkuu wa Waelfi wa Kijani wa Ossiriand, akaja na watu wenye silaha nyepesi dhidi ya Maorki waliovaa chuma. Upande wa mashariki Waelfi walishinda vita, lakini Denethor alizingirwa juu ya kilima cha Amon Ereb akauawa kabla mfalme hajamfikia, na watu wake kutoka siku hiyo hawakutawaza tena mfalme. Upande wa magharibi Círdan alisukumwa mpaka ukingoni mwa bahari akazingirwa ndani ya miji yake. Thingol akawakusanya raia wote aliowafikia ndani ya misitu ya Neldoreth na Region, na Melian akaizungushia nchi hiyo nguvu yake, uzio usioonekana wa vivuli na bumbuazi, ulioitwa Mshipi wa Melian, ambao mtu yeyote asingeweza kuupita bila ridhaa ya malkia au ya mfalme isipokuwa awe na uwezo unaouzidi wa Melian. Ndipo nchi ikapata jina la Doriath, yaani Nchi ya Uzio.

Wasomaji wengi huuona Mshipi huo kama ushindi, na kwa raia waliokuwa ndani ulikuwa hivyo, kwa kuwa kwa karne nyingi watoto walikua Doriath bila kusikia mlio wa pembe ya vita. Kwa upande wa utawala, hata hivyo, ulikuwa pia kujiuzulu. Mfalme aliyekuwa na jina la bwana wa Beleriand yote alibakiwa na mamlaka halisi juu ya kile tu kilichozingirwa, wala hakuacha jina lile la zamani. Jambo la pili ni zito zaidi: ulinzi wa dola sasa haukutegemea jeshi, ngome wala mapatano na majirani, bali ulitegemea mtu mmoja kuendelea kuwepo, na mtu huyo alibaki katika mwili na katika nchi ile kwa sababu ya ndoa yake. Tangu hapo usalama wa Doriath nzima ulikuwa umefungwa kwenye uhai wa Thingol, ingawa hakuna sheria iliyotamka hivyo na hakuna diwani aliyewahi kulisema barazani.

Chini ya mfalme na malkia kulikuwa na vyeo vichache. Beleg, mpiga upinde asiye na kifani, alikuwa mkuu wa walinzi wa mipaka, kikosi kilichoishi porini nje ya kumbi za kifalme na kupambana na Maorki waliosogelea uzio, na Mablung alikuwa jemadari na mjumbe wa mfalme katika mambo mazito. Daeron alishika elimu na kumbukumbu. Wapo pia madiwani waliokaa karibu na kiti cha enzi, kama Saeros, ambaye hakuwa mzawa bali alitoka katika wale Waelfi wa Kijani waliokimbilia Doriath baada ya Denethor kufa, na kupanda kwake kunaonyesha kwamba mgeni aliyekubaliwa ndani angeweza kufika juu. Simulizi hazitaji kodi, wala baraza la kuchaguliwa, wala sheria iliyoandikwa. Zinachotaja, na kwa urefu wa kutosha, ni hukumu.

Kesi ya Túrin inastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha haki ya Doriath ikitenda kazi. Túrin alikuwa mtoto wa binadamu, mwana wa Húrin, aliyepelekwa Menegroth akiwa mdogo baada ya baba yake kutekwa na Morgoth, na Thingol akamlea kama mwanawe wa kupanga. Alipokuwa kijana, Saeros alimtukana mezani kwa kuwasimanga wanawake wa kabila lake, naye akamtupia chombo cha kunywea usoni. Kesho yake Saeros alimvizia msituni akiwa na silaha, akashindwa, na Túrin akamvua nguo akamkimbiza uchi mpaka Saeros, akijaribu kuruka genge, akaanguka na kufa. Mablung aliyeona mwisho wa kisa tu alimtaka Túrin arudi kwa hukumu ya mfalme, lakini kijana alikataa akaenda zake. Thingol aliketi barazani, akawasikiliza mashahidi, na alikuwa tayari kutamka kwamba mtuhumiwa amefukuzwa nchini. Kabla hukumu haijafungwa, Beleg aliingia akiomba nafasi ya kusema, akamleta Nellas, msichana wa msituni aliyeogopa hata kukaa chini ya paa la mawe, ambaye siku ile alikuwa juu ya mti na aliona kwamba Saeros ndiye aliyeanza kushambulia kwa nyuma. Mfalme alimsikiliza binti huyo asiye na cheo, akaibatilisha hukumu yake mwenyewe mbele ya watu, akatoa msamaha na kumtuma Beleg akamtafute kijana. Mtawala anayeweza kugeuza neno lake hadharani kwa ushahidi wa mtu mnyonge si mtawala mbaya, na hilo ndilo linalofanya makosa mengine ya Thingol yaume.

Sera yake kwa mataifa ya nje ilikuwa ya tahadhari iliyochanganyika na kiburi. Wanoldor, Waelfi waliokuwa wamefika kwa Valar na sasa wakarudi kumpiga vita Morgoth kwa sababu aliwaibia Silmaril, johari tatu zilizobeba nuru ya kale, walipoingia Beleriand walikuta mfalme anayedai kwamba nchi ni yake. Thingol aliwaruhusu kukaa Hithlum, Dorthonion na katika nchi tupu zilizo mashariki ya Doriath, akasisitiza kwamba yeye ndiye bwana wa Beleriand, na ndani ya uzio akawakaribisha watoto wa Finarfin peke yao kwa kuwa mama yao alikuwa binti wa Olwë ndugu yake. Wana wa Fëanor, ambao baba yao ndiye aliyezitengeneza Silmaril, walikasirishwa na majibu hayo, na Maedhros, mkubwa wao, aliona kwamba mfalme huyo amewapa nchi ambazo yeye mwenyewe hana nguvu nazo. Maneno ya Maedhros yalikuwa makali, lakini ni vigumu kuyakanusha.

Siri iliyofichwa na Wanoldor ilipofichuka, kwamba katika safari yao waliwaua Waelfi wa Olwë bandarini Alqualondë ili kuchukua merikebu zao, Thingol alitoa amri ambayo matokeo yake yalidumu kuliko ufalme wenyewe. Alipiga marufuku lugha ya Kwenya, lugha ya Wanoldor, isisikike masikioni mwake wala isisemwe hadharani katika nchi yake yote, na Waelfi wake wakaagizwa wasiizungumze wala wasiiitikie. Wanoldor walikuwa wachache miongoni mwa wenyeji, hivyo walilazimika kushika Kisindarin, lugha ya Waelfi wa Kijivu, katika shughuli za kila siku, na Kwenya ikabaki lugha ya elimu, ya ibada na ya majumba ya wakuu wao. Kwa njia hiyo mfalme ambaye hakutaka kupigana nje ya mipaka yake aliweza, kwa amri moja, kuifanya lugha ya watu wake kuwa lugha ya Waelfi wote wa magharibi. Tolkien alikitengeneza Kisindarin kwa kufuata sauti za lugha ya Welsh, na Kwenya kwa kuvutiwa na Kifini, na hakuna shaka kwamba mtu aliyeishi kwa taaluma ya lugha aliipa amri hii uzito wa makusudi.

Kwa binadamu waliokuja kutoka mashariki msimamo wa kwanza ulikuwa wa kuwafungia mlango, kwani Thingol alitangaza kwamba hakuna hata mmoja wao atakayeingia Doriath. Baadaye, kwa maombi ya Finrod, mwana wa Finarfin na mfalme wa Nargothrond, alikubali jamii ya Haleth waishi katika msitu wa Brethil uliokuwa nje ya Mshipi, kwa sharti kwamba walinde vivuko vya mto Teiglin dhidi ya Maorki. Ulikuwa uamuzi wa busara, uliompatia mlinzi wa mpaka bila gharama. Lakini binadamu aliyeupindua ufalme hakupitia mlango wowote uliokuwa na sharti. Beren mwana wa Barahir, mtu wa mwisho wa kundi lililopigana Dorthonion, aliupenya Mshipi kwa kuwa majaliwa yake yalikuwa na nguvu kuliko uwezo wa Melian, akamkuta Lúthien, mtoto wa pekee wa mfalme, wakapendana.

Daeron, aliyempenda Lúthien pia, alimwambia mfalme. Lúthien alikataa kumtaja mpenzi wake mpaka baba yake ameapa kwamba hatamuua wala kumfunga, na Thingol akaapa. Beren aliposimamishwa mbele ya kiti cha enzi na kuomba mkono wa binti, mfalme alitafuta njia ya kuua bila kuvunja kiapo, akaipata katika mahari: alete Silmaril moja kutoka kwenye taji la Morgoth. Mahari hutajwa ili ndoa ifanyike, na Thingol aliitaja ili isifanyike. Wala Lúthien hakuulizwa. Melian, aliyekuwa amekaa kando ya mumewe, alimwonya kwamba kwa maneno hayo amemhukumu ama binti yake ama nafsi yake, na kwamba Doriath imeingizwa katika majaliwa ya dola lililo kubwa kuliko lenyewe. Onyo hilo lilitolewa baada ya neno kutoka. Hakuna mahali panapoonyesha kwamba mfalme alimwomba shauri kabla ya kusema, na hapo ndipo ule utaratibu wa kale, wa mmoja kuamuru na mwingine kujua, ulipovunjika.

Safari ya Beren na Lúthien hadi Angband ni kisa kinachojulikana na wasomaji wa Tolkien, na hapa inatosha kusema kwamba walifaulu mahali ambapo majeshi yote yalishindwa. Silmaril ilifika Doriath ndani ya tumbo la Carcharoth, mbwamwitu mkubwa wa Morgoth, aliyeung'ata mkono wa Beren uliokuwa umeishika johari hiyo, kisha akaupasua Mshipi kwa wazimu wa moto uliomchoma ndani. Beren alipata jeraha la kifo katika msako wa mnyama huyo, Mablung akalipasua tumbo la mnyama, na mahari ikalipwa. Thingol alibaki na kitu ambacho wana wa Fëanor walikuwa wameapa kumwandama yeyote atakayekizuia.

Athari ilionekana mapema. Katika mwaka 472 wa Enzi ya Kwanza, Waelfi na binadamu wa kaskazini walipojiandaa kwa shambulio kubwa dhidi ya Angband, wana wa Fëanor walipeleka ujumbe wa majivuno wakidai Silmaril, na Melian akamshauri mumewe airudishe. Mfalme akakataa, kwa sababu ya ukali wa maneno yao, kwa sababu ya uchungu wa Lúthien na Beren ulioipata johari hiyo, na kwa sababu kila alipoitazama aliitaka zaidi. Hivyo hakupeleka jeshi, ila Mablung na Beleg, ambao hawakutaka kukosa tukio hilo, aliwapa ruhusa ya kwenda kwa sharti kwamba wasiwatumikie wana wa Fëanor. Vita hivyo, viitwavyo Nirnaeth Arnoediad, viliisha kwa maangamizi ya washirika, na Doriath ikabaki kuwa kisiwa katika nchi iliyotekwa.

Kuhusu kifo cha Thingol, simulizi iliyochapishwa inasema kwamba Húrin, alipoachiwa huru na Morgoth, alileta kutoka magofu ya Nargothrond kidani kiitwacho Nauglamír, kazi ya kale ya Wadwafu, akakitupa miguuni pa mfalme. Thingol akawaita mafundi wa Nogrod, mji wa pili wa Wadwafu, ili waipachike Silmaril katika kidani hicho. Kazi ilipokwisha mafundi walidai kwamba kidani ni mali ya wazee wao, na mfalme, akiwa peke yake kati yao ndani ya karakana, aliwadharau na kuwaamuru waondoke bila ujira. Wakamuua. Mkataba wa kwanza na watu wa milimani ulikuwa umelipwa kwa lulu, na huu wa pili mfalme alitaka kuulipa kwa matusi.

Msomaji ajue, hata hivyo, kwamba tukio hilo kwa namna lilivyo halikuandikwa na Tolkien. Katika toleo la awali kabisa mfalme huuawa akiwa mawindoni, na katika maandishi ya baadaye Tolkien alijiwekea dokezo kwamba lazima itafutwe njia ya kumvuta Thingol nje ya mipaka yake ili auawe huko, kwa kuwa jeshi la Wadwafu lisingeweza kuupita Mshipi Melian akiwa bado yupo. Christopher Tolkien, akisaidiwa na Guy Gavriel Kay, mwandishi kutoka Kanada, ndiye aliyeunda sura iliyochapishwa mwaka 1977, na miaka mingi baadaye alieleza wazi mashaka yake juu ya uamuzi huo. Lakini matoleo yote yanakubaliana juu ya chanzo: johari, tamaa na malipo.

Melian alikaa kimya kando ya maiti, kisha akamwagiza Mablung ailinde Silmaril na kuwapelekea habari Beren na Lúthien, ambao walikuwa wamerudishiwa uhai na kuishi Ossiriand. Baada ya hapo alitoweka akarudi alikotoka, ng'ambo ya bahari, na Mshipi ukaondoka naye. Jeshi la Nogrod likavuka mto Aros bila kizuizi, huku Belegost ikiwa imekataa kushiriki na hata kujaribu kuwazuia. Mablung aliuawa mlangoni mwa hazina. Walinzi wa mipaka, wazuri kama walivyokuwa, walikuwa wamezoea kupigana na mgongo wao ukiegemea uzio, na sasa mgongoni hapakuwa na kitu.

Dior, mwana wa Beren na Lúthien, alikuja kuudai ufalme kwa jina la Eluchíl, yaani mrithi wa Elu, na kwa miaka michache Menegroth ilifufuka. Alikuwa na damu ya Waelfi, ya binadamu na ya Maiar, na mke wake Nimloth alitoka katika jamaa ya Celeborn wa Doriath, kwa hiyo haki yake haikupingwa na mtu. Kilichokosekana kilikuwa ulinzi, na muda wa kuujenga. Wazazi wake walipokufa kifo cha pili na Silmaril, iliyokuwa imewafikia, ikaletwa kwake, aliivaa hadharani, na wana wa Fëanor walipoidai hakuwajibu. Wakamshambulia katikati ya majira ya baridi, Waelfi wakiwaua Waelfi kwa mara ya pili. Dior alimuua Celegorm, Curufin na Caranthir wakafa pia, lakini mfalme na malkia waliuawa, na wana wao wawili wa kiume, Eluréd na Elurín, waliachwa msituni na watumishi wa Celegorm wafe njaa. Maedhros alijuta akawatafuta siku nyingi asiwapate. Elwing peke yake, binti wa Dior, alikimbizwa na masalia ya raia hadi midomo ya mto Sirion, akiwa na johari.

Morgoth, adui ambaye uzio wote ulijengwa kwa ajili yake, hakuwa na askari hata mmoja katika mashambulizi hayo mawili. Doriath iliangushwa na watu waliokuwa wageni wake, washirika wake na jamaa zake.

Waelfi waliosalia waliubeba mfano wa nchi yao. Ule ufalme wa msituni unaoonekana katika The Hobbit, kitabu cha mwaka 1937, ambamo mfalme wa Waelfi anaishi katika mapango yaliyochimbwa kando ya mto na anakumbuka ugomvi wa kale na Wadwafu juu ya hazina, ulikuwa chini ya Thranduil, Mwelfi wa Kijivu aliyehamia mashariki. Mfano wa karibu zaidi ni Lothlórien, iliyotawaliwa na Celeborn wa Doriath na mkewe Galadriel, ambaye aliwahi kuishi Menegroth na kujifunza mengi kwa Melian, na ambaye aliilinda nchi yake kwa nguvu ya pete iitwayo Nenya kama mwalimu wake alivyoilinda Doriath. Galadriel alipopewa nafasi ya kuipokea bure Pete Kuu, yenye nguvu kuliko pete zote, katika mwaka 3019 wa Enzi ya Tatu, aliikataa, na kwa kuikataa akaafiki pia kwamba uzio wake utakwisha na yeye ataondoka. Alipanda merikebu mwaka 3021.

Miaka mia moja na zaidi baadaye Arwen, binti wa Elrond mwana wa Elwing binti wa Dior, akiwa mjane na akiwa amechagua kufa kama alivyochagua Lúthien, alikwenda Lothlórien katika mwaka 121 wa Enzi ya Nne. Galadriel hakuwepo, Celeborn alikuwa amehama, msitu ulikuwa kimya, na alilala juu ya kilima cha Cerin Amroth akafa huko peke yake.